UZI: Asetili-KoA haivuki utando wa ndani wa mitokondria, basi mafuta hutengenezwaje nje yake?

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nimefundisha baiolojia ya seli kwa miaka kadhaa, na kila ninaposahihisha majibu ya mtihani kuhusu umetaboli, yaani mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, nakutana na mchoro uleule: katikati ipo asetili-KoA, juu yake mishale inaingia kutoka kwenye sukari, mafuta na protini, na chini yake mishale inatoka kuelekea kwenye nishati, mafuta mapya, kolesteroli na ketoni (molekuli ndogo ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta wakati wa njaa). Mchoro huo hausemi uongo. Hata hivyo, unaifanya asetili-KoA ionekane kama chungu kimoja ambacho kila njia ya seli huchota humo ipendavyo, na mwanafunzi anayeuamini atashindwa kueleza ni vipi ini huunguza mafuta saa hii na kuyatengeneza saa nyingine bila kazi hizo mbili kugongana. Kilichoachwa kwenye mchoro ni utando wa ndani wa mitokondria, vile vyumba vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati. Asetili-KoA haiuvuki. Iliyo ndani hubaki ndani, iliyo nje hubaki nje, na mengi yanayotatanisha katika somo hili hufunguka mtu akiuliza kwanza: tunazungumzia asetili-KoA ya upande upi?

Nianze na molekuli yenyewe. Asetili ni kipande kidogo cha kaboni 2, na koenzaimu A (ndiyo hiyo KoA) ni hamali wake. Fritz Lipmann aliigundua koenzaimu hiyo mwaka 1945, akaipa herufi A kwa sababu ilihitajika ili asetati iamshwe na kuingia kazini. Mwaka 1951 Feodor Lynen, aliyekuwa akifanya kazi na hamira, alionyesha kwamba asetili hushikwa na atomu ya salfa iliyo kwenye ncha ya koenzaimu. Kiungo hicho cha salfa ndicho kinachoipa molekuli hii thamani yake, kwa kuwa kikivunjwa kwa maji huachia takribani kilojuli 31 kwa moli, kiasi kinacholingana na kile kinachopatikana ATP, sarafu ya nishati ya seli, inapovunjwa kuwa ADP. Asetati peke yake ni molekuli tulivu isiyo na haraka ya kuungana na chochote, ilhali asetati iliyoshikwa na salfa iko tayari kukabidhi kaboni zake kwa molekuli nyingine.

Sasa tazameni uzito. Asetili-KoA nzima ina takribani dalton 810 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na kati ya hizo asetili ni 43 tu. Hamali ana uzito wa karibu mara 18 ya mzigo anaoubeba, tena amejaa fosfeti zenye chaji hasi, nazo hazipiti kwenye mafuta yanayounda utando. Utando wa nje si kikwazo, kwa sababu una matundu ya protini yanayopitisha molekuli za hadi dalton 5,000 hivi. Utando wa ndani ni jambo jingine kabisa. Huo hauachii hata protoni zipite ovyo, kwa kuwa ukizivujisha ovyo hakuna ATP itakayotengenezwa. Ukuta uliojengwa kuzuia protoni hauwezi kuwa na mlango wazi kwa molekuli kubwa namna hiyo, na hakuna kisafirishi kinachoivusha asetili-KoA ikiwa nzima.

Kwa hiyo asetili-KoA ya ndani lazima itengenezwe palepale ndani, katika ule ujiuji uitwao matriki. Upande wa sukari, kinachovuka ni piruveti. Glukosi moja huvunjwa kwenye saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya mitokondria) kuwa piruveti 2, nazo huingia kwa kisafirishi ambacho tabia zake zilipimwa tangu miaka ya 1970, lakini protini zake mbili, MPC1 na MPC2, zilikuja kutambuliwa mwaka 2012, na makundi mawili ya watafiti yaliyozifikia mwaka huohuo. Ndani ya matriki piruveti hupokewa na mkusanyiko wa vimeng'enya vitatu uitwao piruveti dihaidrojenasi, ambao huiondolea kaboni 1 ikatoka kama kabonidioksaidi, huweka elektroni kwenye NAD+ ikawa NADH, mbeba elektroni, na kuipachika asetili iliyobaki kwenye koenzaimu A. Mkusanyiko huo unahitaji visaidizi 5, na vinne kati yake hutokana na vitamini B1, B2, B3 na B5. Ndiyo maana upungufu wa vitamini B1 huumiza mapema ubongo na moyo, viungo visivyoweza kusubiri nishati.

Tendo hilo halirudi nyuma, na hilo seli inalichukulia kwa uzito mkubwa. Kuna kinasi za aina 4 zinazoufunga mkusanyiko kwa kuupachika fosfeti, na fosfatasi za aina 2 zinazoufungua. Asetili-KoA na NADH zikirundikana ndani, kinasi huchochewa na mlango hufungwa. Piruveti ikizidi, kinasi huzuiwa na mlango hubaki wazi. Yaani asetili-KoA ya ndani ndiyo inayoamua kama kaboni zaidi za sukari ziruhusiwe kuwa asetili-KoA.

Niishie hapo kwanza ili maswali yaingie kabla sijafika kwenye mafuta.

#2 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu, maana mchoro uliousema ndio nilioubandika ukutani kwangu.

Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo limenisumbua tangu mwaka jana. Tunafundishwa kwamba mnyama hawezi kugeuza asidi za mafuta kuwa glukosi, kwa sababu asetili-KoA haiwezi kurudi kuwa piruveti. Lakini asetili-KoA huingia kwenye mzunguko wa Krebs (mfululizo wa hatua za matriki unaovuna nishati ya asetili), kaboni zake hufika kwenye oksaloasetati, na oksaloasetati ndiyo mwanzo wa njia ya kutengeneza glukosi. Tena nimesoma kwamba kaboni za asetati zilizotiwa alama (isotopu zinazoweza kufuatiliwa) huonekana baadaye ndani ya glukosi. Je, hapo sheria haijavunjwa?

#3 Mleta uzi

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kusahihisha, na ninaomba tulikalie kidogo.

Kaboni kuonekana mahali na kaboni kuongezeka mahali ni mambo mawili tofauti. Asetili yenye kaboni 2 huungana na oksaloasetati yenye kaboni 4, ikapatikana sitrati yenye kaboni 6. Kabla mzunguko haujarudi kwenye oksaloasetati, kaboni 2 zimeshatoka kama kabonidioksaidi. Mbili zimeingia, mbili zimetoka, na oksaloasetati iliyobaki ni moja kama ile tuliyoanza nayo. Ukiichukua hiyo moja ukatengeneze glukosi, mzunguko umebaki bila oksaloasetati, na asetili inayofuata haina pa kushika. Hesabu haikupi faida hata ya molekuli moja.

Lakini kaboni zinazotoka si zilezile zilizoingia, na hapa ndipo penye uzuri wenyewe. Katika mzunguko wa kwanza, kabonidioksaidi zote 2 hutokana na oksaloasetati ya zamani. Kaboni za asetili iliyoingia punde zinabaki. Kaboni ile iliyokuwa imeshikana na salfa huondoka yote katika mzunguko wa pili. Ile nyingine, ya methili, huvuka mzunguko wa pili salama, kisha kuanzia wa tatu nusu yake hupotea kila mara. Kwa hiyo muda wote huo alama zipo ndani ya oksaloasetati, na ikitolewa kwenda kutengeneza glukosi, alama zitaonekana kwenye glukosi. Umeona alama, hukuona ongezeko.

Tena alama hizohizo ziliwahi kuutia shaka mzunguko mzima. Hans Krebs na William Johnson waliueleza mwaka 1937 huko Sheffield, Uingereza. Baadaye watafiti walipotumia kaboni zenye alama walishangaa kwamba alama ilikaa upande mmoja tu wa molekuli iliyofuata baada ya sitrati, wakati sitrati yenyewe ina pande mbili zinazofanana kabisa. Wengi wakahitimisha kwamba sitrati haimo kwenye mzunguko, kwani kimeng'enya kingewezaje kutofautisha pande zinazofanana? Mwaka 1948 Alexander Ogston alijibu kwa hoja fupi ya kijiometri: molekuli ikishikwa na kimeng'enya kwa pointi tatu tofauti, pande zake mbili hazifanani tena machoni pa kimeng'enya hicho. Sitrati ikarudi mahali pake. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu halikuhitaji jaribio jipya, lilihitaji mtu aliyetulia akaufikiria umbo.

Kuhusu sheria yenyewe, iseme kwa uangalifu: asidi za mafuta zenye idadi shufwa ya kaboni hazimpi mnyama ongezeko la glukosi. Zenye idadi witiri huacha kipande cha kaboni 3 ambacho kinaweza kuwa glukosi, na gliseroli inayoshikilia mafuta pia inaweza. Mimea na bakteria wengi wana njia ya mkato, mzunguko wa glioksilati ulioelezwa na Hans Kornberg na Krebs mwaka 1957, unaoruka zile hatua 2 zinazopoteza kabonidioksaidi. Ndiyo sababu mbegu yenye mafuta huweza kuota na kutengeneza sukari kabla haijapata jani.

#4 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Ahsante sana mwalimu, nimeelewa tofauti ya kuonekana na kuongezeka. Sasa naomba utufikishe kwenye mafuta: yanaingiaje, na yanatengenezwaje nje ikiwa asetili-KoA imefungiwa ndani?

#5 Mleta uzi

Kuingia kwanza. Asidi ya mafuta ndefu ikifika kwenye seli hushikwa na koenzaimu A ya nje, na kwa hali hiyo haiwezi kuvuka, kwa sababu zilezile zinazoizuia asetili-KoA. Kwenye utando wa nje kuna kimeng'enya kiitwacho CPT1 kinachomwondolea hamali mzigo na kumkabidhi karnitini, molekuli ndogo. Karnitini huvushwa pamoja na mzigo wake na kisafirishi cha utando wa ndani, huku karnitini nyingine tupu ikitoka kwa kubadilishana. Upande wa ndani CPT2 huhamisha mzigo kutoka kwa karnitini kwenda kwa koenzaimu A ya matriki. Angalieni kwa makini: koenzaimu A ya nje imebaki nje, ya ndani imebaki ndani, kilichovuka ni mzigo peke yake. Asidi fupi na za kati, za hadi kaboni 12 hivi, kwa sehemu kubwa hupita bila msaada wa karnitini.

Ndani, mnyororo hukatwa kaboni 2 kwa wakati mmoja. Franz Knoop aliling'amua hilo mwaka 1904, alipowalisha mbwa asidi za mafuta alizozitia pete ya benzini kwenye ncha kisha akachunguza mikojo yao. Palmitati, yenye kaboni 16, hukatwa mara 7 na kutoa asetili-KoA 8. Kila moja ikiingia kwenye mzunguko wa Krebs huzaa NADH 3, FADH2 1 (nayo ni mbeba elektroni) na GTP 1 (ndugu wa ATP), sawa na ATP 10 hivi. Ukiongeza elektroni zilizovunwa wakati wa kukata, na ukaondoa ATP 2 za gharama ya mwanzo, palmitati moja hutoa takribani ATP 106.

Sasa kutoka. Ini limepata glukosi nyingi, insulini iko juu, nishati imetosha, na mzunguko unakwenda polepole. Sitrati hurundikana kwenye matriki. Sitrati, tofauti na asetili-KoA, ina kisafirishi chake, nacho huitoa nje kwa kubadilishana na malati, molekuli nyingine ya mzunguko, inayoingia. Ikishafika kwenye saitoplazimu hukutana na kimeng'enya ATP-sitrati liasi, kinachotumia ATP 1 na koenzaimu A ya nje kuikata kuwa asetili-KoA na oksaloasetati. Asetili imevuka ikiwa imejificha ndani ya sitrati. Hiyo ndiyo njia kuu ambayo ini hupata asetili-KoA ya kutengenezea mafuta kutokana na sukari.

Oksaloasetati iliyobaki nje nayo haivuki ilivyo, kwa hiyo hugeuzwa malati. Malati hiyo inaweza kurudi ndani moja kwa moja kwa kubadilishana na sitrati nyingine, au inaweza kugeuzwa piruveti na kimeng'enya cha malati, tendo linalozaa NADPH, mbeba elektroni wa kazi za ujenzi. Piruveti huingia kwa mlango wake na kupachikwa kaboni, kwa gharama ya ATP nyingine, ikawa oksaloasetati tena. Kutengeneza palmitati moja kunahitaji asetili-KoA 8, ATP 7 na NADPH 14. Sitrati zote 8 zikirudi kwa njia ya piruveti, zinaleta NADPH 8, na 6 zilizosalia hutoka kwenye njia ya pentosi fosfeti, njia nyingine ya kuvunja glukosi. Ukitazama haraka utaona ni mzunguko mrefu wenye gharama. Kwa maoni yangu gharama hiyo ina malipo yake: kuvusha kaboni kwa njia ya sitrati huleta pamoja nazo sehemu kubwa ya elektroni zinazohitajika kuziunga, na tena sitrati haiwezi kutoka kwa wingi isipokuwa matriki imeshiba. Nje, sitrati huchochea asetili-KoA kaboksilasi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta. Kwa namna hiyo mzigo wenyewe ndio unaopeleka habari kwamba kazi ianze.

Na habari haiishii hapo. Zao la kaboksilasi hiyo ni malonili-KoA, na mwaka 1977 Denis McGarry, Daniel Foster na wenzao walionyesha kwamba malonili-KoA huzuia CPT1. Seli inapojenga mafuta, mlango wa kuyaingiza ndani yakaunguzwe hufungwa na malighafi yenyewe ya ujenzi. Njaa ikija, kaboksilasi huzimwa, malonili-KoA hupungua, na CPT1 hufunguka. Kaboni zilezile, asetili ileile, na hazigongani kwa sababu ziko pande mbili za ukuta na lango la ukuta lina mlinzi anayejua kinachoendelea nje.

#6 Mtafiti wa misuli

Mleta uzi, heshima kwako. Nakubaliana na mengi, ila naona sitrati umeipa nafasi ya pekee kupita kiasi. Sisi tunaoshughulika na misuli tunapima asetilikarnitini kila siku. Ndani ya matriki kuna karnitini asetilitransferasi, ambayo humpa karnitini asetili moja kwa moja, na asetilikarnitini hutoka kwa kisafirishi kilekile ulichokitaja. Kwa hiyo asetili ina mlango wa pili. Aidha, asetati iliyomo kwenye damu inaweza kuamshwa palepale kwenye saitoplazimu kuwa asetili-KoA na kimeng'enya ACSS2, bila kupitia mitokondria hata kidogo.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na ninalipokea. Nilipaswa kutaja kiungo kabla ya kutaja njia. Kwenye ini linalotengeneza mafuta kutokana na sukari, sitrati ndiyo njia kuu. Kwenye misuli hali ni nyingine, kwa kuwa misuli haijengi mafuta kwa wingi, nayo asetilikarnitini hutumika zaidi kama ghala la akiba: mazoezi makali yakizalisha asetili kwa kasi inayozidi uwezo wa mzunguko, karnitini huipokea, na koenzaimu A ya matriki hubaki huru kwa kazi nyingine. Ukumbuke kwamba koenzaimu A ya matriki ina kikomo. Yote ikishikwa na asetili, piruveti dihaidrojenasi na vimeng'enya vya mzunguko vinavyoihitaji hukwama.

Kuhusu ACSS2, umesema kweli, na ushahidi wake mzuri ni kwamba seli zilizonyimwa ATP-sitrati liasi huongeza ACSS2 na kuanza kutegemea asetati. Mitokondria nazo zina ndugu wa kimeng'enya hicho, ACSS1, kinachoamsha asetati ndani ya matriki. Asetati huvuka kwa sababu ni ndogo na imeacha hamali. Hata hivyo hoja ya uzi inabaki palepale: kwa kila mlango tulioutaja, iwe sitrati, asetilikarnitini au asetati, aliyevuka si asetili-KoA.

#8 Mfamasia

Nawashukuru wote. Nina swali la kazini kwangu. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, huzuia kimeng'enya kinachoshughulikia HMG-KoA, na HMG-KoA ndiyo hiyohiyo inayotajwa kwenye utengenezaji wa ketoni. Mgonjwa aliwahi kuniuliza kama dawa yake ya kolesteroli itamzuia kutengeneza ketoni anapofunga, nami sikuwa na jibu la kuridhisha. Pia ningependa kujua dawa nyingine ya kolesteroli, asidi ya bempedoiki, inaangukia wapi kwenye picha hii.

#9 Mleta uzi

Mfano wako ni bora kuliko wangu wote, kwa sababu unahusu molekuli moja yenye jina moja na hatima mbili.

HMG-KoA hutengenezwa kwa asetili-KoA 3, pande zote mbili za utando, na vimeng'enya viwili tofauti vinavyotokana na jeni mbili tofauti. Ya nje hupelekwa kwa HMG-KoA ridaktasi, inayoigeuza mevalonati, mwanzo wa safari ya kolesteroli. Kaboni zote 27 za kolesteroli hutokana na asetili. Ya ndani, ambayo iko hasa kwenye mitokondria za ini, hukutana na HMG-KoA liasi, inayoikata na kutoa asetoasetati, na sehemu ya hiyo hugeuzwa beta-haidroksibutirati. Statini huzuia ridaktasi, ambayo haimo kwenye njia ya ketoni. Kwa hiyo unaweza kumwambia mgonjwa wako kwamba dawa hiyo haizuii hatua yoyote ya kutengeneza ketoni.

Kwa nini ini litengeneze ketoni wakati mzunguko wa Krebs upo? Wakati wa njaa CPT1 iko wazi na asidi za mafuta zinamiminika. Kukatwa kwake huzalisha NADH nyingi, na NADH hiyo huisukuma oksaloasetati kuwa malati, ambayo hutoka kwenda kutengeneza glukosi. Asetili-KoA imejaa na oksaloasetati ya kuipokea ni haba. Asetili-KoA hiyo inaifungia piruveti mlango wa dihaidrojenasi na papo hapo inachochea piruveti kaboksilasi, ili piruveti iwe oksaloasetati ya kutengenezea glukosi badala ya kuwa asetili-KoA zaidi. Ziada ya asetili hufungwa mbili mbili kama ketoni, ambazo ni ndogo, huyeyuka kwenye maji na hutoka bila hamali. Ini lenyewe haliwezi kuzitumia kwa sababu halina kimeng'enya cha kuzirudishia koenzaimu A, kwa hiyo hazina budi kusafiri. Ubongo, moyo na misuli wanacho. Mwaka 1967 Oliver Owen, George Cahill na wenzao walionyesha kwamba katika mfungo mrefu ubongo wa binadamu hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka kwenye ketoni. Insulini ikikosekana kabisa, kama kwenye kisukari cha aina ya kwanza kisichotibiwa, utaratibu huohuo hukosa breki na damu hupata asidi ya kiwango cha kuua.

Asidi ya bempedoiki iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inazuia ATP-sitrati liasi, yaani inakata asetili-KoA ya nje pale inapozaliwa, hatua kadhaa kabla ya mahali statini zinapofanyia kazi. Inaamshwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ini lakini hakimo kwenye misuli, na ndiyo sababu iliyofanya watafiti waitazamie kwa watu wanaoumwa misuli wakitumia statini.

#10 Mtafiti wa misuli

Niongeze kuhusu kiini cha seli, kwa sababu wengi hudhani nacho ni chumba cha tatu kilichofungwa. Utando wa kiini una matundu makubwa, na asetili-KoA hupita humo bila shida. Kwa hiyo asetili-KoA ya saitoplazimu na ya kiini tunaweza kuihesabu pamoja, ingawa ATP-sitrati liasi na ACSS2 hupatikana pia ndani ya kiini na huweza kuitengeneza karibu na inapotumiwa. Inapotumiwa ni kwenye histoni, protini ambazo DNA huzungushwa juu yake: zikipachikwa asetili hulegea na jeni husomeka kwa urahisi. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba ATP-sitrati liasi ikipunguzwa, asetili kwenye histoni hupungua. Yaani sitrati inayotoka mitokondria inafikisha habari ya shibe hadi kwenye jeni.

#11 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwalimu, nimeondoa mchoro wa zamani na kuchora mwingine. Una vyumba viwili. Ndani nimeweka piruveti, asidi za mafuta, mzunguko wa Krebs na ketoni. Nje nimeweka mafuta mapya, kolesteroli na histoni. Kwenye ukuta nimeweka milango ya piruveti, karnitini, sitrati na malati. Pia nimechora mshale wa koenzaimu A ukitoka ndani kwenda nje pamoja na sitrati, ili iwepo ya kupokea asetili upande wa pili. Naomba unisahihishe.

#12 Mleta uzi

Mchoro ni mzuri, nami nitaomba ruhusa yako niutumie darasani. Ongeza mlango wa asetati, na ketoni zipe mshale wa kutoka nje ya seli kabisa, kwa kuwa ini halizitumii.

Mshale wa koenzaimu A uufute. Sitrati sinthasi inapounga asetili na oksaloasetati, koenzaimu A huachiliwa palepale kwenye matriki, na hiyo ndiyo itakayopokea asetili inayofuata kutoka kwenye piruveti au mafuta. ATP-sitrati liasi hutumia koenzaimu A nyingine, iliyokuwa nje tangu mwanzo. Ipo protini ya utando wa ndani, SLC25A42, iliyotambuliwa mwaka 2009, inayoingiza koenzaimu A kwenye matriki; kazi yake ni kujaza akiba ya chumba hicho, wala haihusiani na safari ya kila asetili inayovuka. Ukitaka kuichora, ichore kwa kalamu nyembamba, mbali na sitrati, ikielekea ndani.

Jambo la mwisho ni sitrati sinthasi yenyewe, kwa sababu umeiwekea mishale miwili ikiingia kwa pamoja. Oksaloasetati hushika kwanza. Kimeng'enya kikishaipata hubadilika umbo na kujifunga juu yake, na ni baada ya hapo ndipo nafasi ya asetili-KoA inapokamilika. Kama asetili-KoA ingetangulia, maji yangeweza kukivunja kile kiungo cha salfa bure, na nishati yake ingepotea kama joto. Kwa hiyo andika namba 1 kwenye mshale wa oksaloasetati na namba 2 kwenye mshale wa asetili-KoA.